Utomvu Jichoni

Jumatatu, 4 Machi

Siku nzima tumegombania gundi. Watu wazima, wenye miwani na shahada, tumezunguka meza moja ya kamusi tukibishania vitu vinavyonata! Rasimu inasema utomvu ni "gundi itokayo mtini". Ukienda kwenye gundi, unaambiwa ni "ulimbo". Ukienda kwenye ulimbo, unarudishwa kwenye utomvu. Msomaji atazungushwa mpaka ashikwe na kizunguzungu. Nikasema hivyo. Mhariri Mkuu akaniangalia juu ya miwani — mimi si nilikuwa na mume seremala? Basi nimpigie simu. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda kusimama kidogo msalani.

Fundi. Hata tulipokuwa mke na mume nilimwita hivyo. Siku hizi tunakutana kwenye mambo ya binti yetu tu, tunasalimiana kama wapangaji wa jengo moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia. "Naam, Mama Kamusi!" — jina hilo sijalisikia tangu tuachane. Nyuma yake msumeno unanguruma. Akauzima.

Utomvu, kasema, ndio unaotoka mti ukiujeruhi. Mwingine mweupe kama maziwa, mwingine maji matupu, haunati hata ukiubembeleza. Ukikauka halafu ukakubali kuyeyuka majini, yeye anauita gundi. Ukigoma majini ukataka spiriti, hiyo sandarusi, ya kutengenezea vanishi.

"Na ulimbo?"

"Huo wa kunasia ndege. Unapika utomvu mpaka uvutike, unapaka kwenye kijiti, unasubiri."

Nilikuwa naandika mbio. Nilikuwa na furaha, nakiri. Halafu akasema, "Na gundi imetoka kwenye kuganda, si ndiyo? Maana inagandisha."

Ningeweza kunyamaza! Ningesema tu ahaa. Lakini nikamwambia hapana, Fundi, maneno hayawi ndugu kwa kufanana sura. Gundi ni mgeni, aliletwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Sandarusi kaja na Waarabu. Ulimbo ndio wetu wa asili, ana ndugu kibao katika lugha za jirani. Hotuba nzima.

"Haya, mwalimu," akasema, sauti imempoa.

Nikatafuta neno la kumrudisha. Nikamwambia ulimbo sijawahi kuuona, naandika kitu nisichokijua. Nilisema ili kumfurahisha tu.

"Basi utauona," akasema.

Ijumaa, 8 Machi

Binti kapiga simu analia. Baba yake kalazwa. Alikuwa nyuma ya karakana anakata ule ua wa mnyaa, anakinga utomvu kwenye kopo. Tawi likamponyoka, likamrukia. Utomvu mweupe, jichoni! Akajifuta kwa mkono uleule wenye utomvu. Maji kayakumbuka baadaye.

Jicho lenyewe ni la kulia — lile zima. La kushoto lina mtoto wa jicho, linaona vivuli tu.

"Alikuwa anatafuta nini kwenye ule ua, Mama? Nikimuuliza hasemi."

Nikasema sijui.

Sijui!

Jumamosi, 9 Machi

Wodini. Kitanda cha dirishani, mwanga wote ule na yeye hana habari nao. Jicho limefungwa bandeji. Kabla sijasalimu akasema, "Hizo hatua nazijua. Vuta kiti."

Mikono yake imelala juu ya shuka. Sijawahi kuiona mikono ile haina kazi.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia binti. "Ningemwambia nini? Kwamba mtu mzima na mvi zangu nimekwenda kukinga utomvu ili nimwonyeshe mtalaka wangu ulimbo?" Akatabasamu upande mmoja. "Na sikuufikisha hata jikoni."

Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga tangu asubuhi. Pole. Nisamehe. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Sasa nikipofoka je?"

"Nikipofuka," nikasema.

Mungu wangu. Ulimi gani huu nimepewa? Yeye akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Mimi sikucheka. Yale niliyoyapanga nimerudi nayo nyumbani yote.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia binti. Alikuwa anafua mashati ya baba yake, yana madoa ya vanishi yasiyotoka. Akaacha kufikicha.

"Kwa ajili ya neno?"

"Kwa ajili ya neno."

"Na juzi ukaniambia hujui."

Akaendelea kufua. Nikachukua shati moja nisuuze, akalitoa mkononi mwangu. Hakulinyakua — alilitoa polepole tu, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 11 Machi

Mhariri Mkuu kafurahi. Sasa kila neno limekaa mahali pake, kasema, utomvu wake, gundi yake, ulimbo wake. Ila kwenye utomvu niliongeza: "wa baadhi ya mimea huunguza macho." Akaikata. Kamusi si zahanati, kasema. Nikairudisha. Akaikata. Nikairudisha tena, nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga.

Jumatano, 13 Machi

Naandikia gotini, benchi la nje ya chumba cha macho. Leo bandeji inatoka. Binti kaketi hapa kando, miguu kainyoosha kuziba njia yote, hajanisemesha tangu tufike. Kaja na chupa ya chai na kikombe kimoja.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia mkasi. Nasikia kitu kinadondoka kwenye sinia. Daktari anamwambia afumbue taratibu, asiogope, machozi ni kawaida.

"Vidole vingapi, mzee?"

"Na hapa?"

Binti kanishika mkono wa kushoto. Sidhani kama anajua kwamba kaushika. Naandika hivyohivyo, nikiacha kuandika sijui nitafanya nini.

"Mzee, unaniona?"

"Ngoja," anasema Fundi. "Mwite kwanza aliyeko nje."

"Binti yako?"

"Mama yake."

Daktari kafungua mlango, anatutazama mmoja mmoja. Usoni kwake hapasomeki kitu. Binti kauachia mkono wangu, kainama, na anaivuta miguu yake chini ya benchi nipite —