Mzalendo wa mtaro wa jirani

Mpendwa Mama,

Leo Jumamosi, salongo imekwisha, nami nimekukumbuka hadi nikacheka na kulia peke yangu jikoni.

Unakumbuka tulipofika mtaa huu wa Bigo, tumekimbia vita kwetu Kpandroma na godoro moja? Siku ya salongo mtaa mzima ulitoka kufanya usafi. Ulimaliza mtaro wa mbele ya nyumba tuliyopanga, ukaendelea na wa jirani, watu wa kabila tulilokuwa tumelikimbia. Chefu wa avenue, mkuu wa barabara yetu, akakutania: "Mama, weye njo muzalendo ya kweli!" Ulirudi umenuna, ukaniuliza hilo ni tusi gani. Nikakueleza kwa ualimu wangu: limetokana na kuzaliwa, ni mtu wa nchi, tena anayeipenda, kwa Kifaransa patriote.

"Basi haiko miye," ukasema. "Miye nilizaliwa Kpandroma." Ukafikiri kidogo. "Lakini ile matope, nani ataitosha mu mtaro?"

Tangu hapo ukaringia jina lile kama kitenge kipya, nawe hukuuacha mtaro wa jirani uzibe tena.

Mama, siku hizi neno lako limepata wenyewe wengine. Vijana wanaobeba bunduki wanajiita hivyo, na mjukuu wako Héritier alitaka kuwafuata. Jana alifunga mfuko wake. Nilimsihi, nikamfokea, nikalia. "Mama, weye unataka nisikuwe muzalendo?" akaniambia. "Kabila ya ule jirani njo walituchomea nyumba!" Nilimsimulia tu habari za mtaro wako, naye akanigeuzia mgongo.

Asubuhi nikakuta kitanda chake kitupu. Mfuko ulikuwa bado mlangoni, ila jembe lako la salongo halikuwepo. Nikatoka mbio na kitenge cha kulalia. Héritier alikuwa ndani ya mtaro wa jirani, matope hadi magotini, na mama wa nyumba hiyo anamwonyesha pa kuchimba.

"Iliziba tangu koko alikufa," akasema Héritier bila kuniangalia, akikutaja wewe bibi yake. "Hakuna mwenye alitosha matope."

Sijui kesho ataamkaje. Naogopa bado, Mama, sikufichi. Mfuko sijaugusa, nataka aufungue mwenyewe. Jembe lako nimeliosha nikaliegemeza juu yake.

Pumzika, Mama. Huku salongo inaendelea.

Binti yako,
mama Héritier