Plagi za Pikapu ya Baba Abby

Voi, 11 Februari 2024

Mpenzi Baba Abby,

Pokea salamu zetu. Mgongo umepoa? Huku hatujambo, Abby alikuwa na kikohozi lakini kimeisha. Nimeamua kukuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu tunakatizana mpaka tunagombana.

Pikapu inasumbua. Nikitoka Mboghoni na ndizi za kuuza, kabla sijafika Mwatate inaanza kutetemeka na kukosa nguvu, na inakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Mulei fundi aliisikia sokoni akasema, "Mama Abby, hizo plagi za injini zimechoka." Leo Jumapili baada ya kanisa alipita nyumbani akaiangalia bure. Anasema atanibadilishia wiki hii.

Nakutumia picha ya Abby kando ya gari. Amerefuka, sivyo?

Mkeo, Mama Abby

Doha, 13 Februari 2024

Mama Abby,

Salamu. Mgongo ni mzima.

Nimeiangalia hiyo picha mpaka macho yakauma. Kofia iliyo juu ya boneti ni ya nani? Mulei ndiye aliyepeleka wazee kwenu kukuposa kabla yangu, na watu wote wanajua. Tangu lini fundi akafanya kazi bure Jumapili? Asiiguse gari yangu.

Utabadilisha mwenyewe. Injini ipoe kabisa. Puliza vumbi lisije likaingia ndani. Toa waya mmoja, badilisha plagi yake, rudisha waya, ndipo uende kwa nyingine. Ukichanganya waya haitawaka vizuri. Plagi mpya ianze kwa vidole mpaka ikatae, kisha spana, na usikaze kwa hasira. Dukani taka namba ile ile iliyo kwenye kitabu cha gari, sio zile muuzaji anazosifu. Plagi ikizidi urefu itagonga pistoni.

Na Mulei asije tena nyumbani.

Mumeo, Baba Abby

Voi, 25 Februari 2024

Baba Abby,

Habari za siku? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Ndiyo, kofia ni ya Mulei. Alikuja na mke wake, Mbula. Hiyo picha ni Mbula aliyepiga.

Lakini nimebadilisha plagi! Muuzaji alinionyesha za kung'aa: "Chukua hizi mama, gari itaruka." Nikamwambia, "Sitaki iruke, nataka ifike Mwatate." Zile za zamani, tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, ncha zimelika. Moja ilikuwa nyeusi, imelowa oil. Mulei anasema hapo injini imeanza kula oil, plagi hiyo nitakuwa nikiibadilisha kila mara. Nimeweka moja ya akiba.

Nilipowasha ilinguruma sawasawa. Nilikaa kwenye usukani nikalia kidogo. Sasa Gertrude wa sokoni ameniletea gari yake nimwangalilie. Mulei anasema nina mkono.

Mkeo, Mama Abby

Doha, 27 Februari 2024

Mama Abby,

Natumai mko salama.

"Nina mkono." Umeandika hivyo mwenyewe. Nilikufundisha ili mtu asikaribie, na sasa umeinama kwenye boneti sokoni mbele ya wanaume, mimi niko huku nafungulia watu geti. Kitu kimoja nilichokuwa najua mimi peke yangu pale nyumbani umekichukua, na sifa amekupa Mulei.

Ndugu yangu Stephen atakuja Jumamosi aipeleke pikapu kwetu Mtito. Mpe ufunguo. Usijibu.

Baba Abby

Voi, 21 Aprili 2024

Baba Abby,

Habari. Abby ni mzima, anakuulizia.

Ulisema nisijibu, sikujibu. Nilimpa ndugu yako ufunguo bila neno. Ndizi nilizokuwa nimeagiza zikaozea Mboghoni.

Jana Stephen alinipigia akiwa Manyani: "Shemeji, imezima, na ndovu wako hapo mbele." Nikamuuliza, "Kwa nini usimpigie mwenye gari?" Akasema, "Nimempigia. Ndiye ameniambia nikupigie wewe."

Nilikodi pikipiki, nikabeba spana na ile plagi ya akiba. Ni plagi ile ile, oil tupu. Nilibadilisha, ikawaka, nikamwambia Stephen asogee. Nimeirudisha Voi mimi mwenyewe. Ufunguo uko kwangu na sitautoa tena.

Lakini niambie: kwa nini ulisema nipigiwe mimi?

Mama Abby

Doha, 22 Aprili 2024

Mpenzi Kasiva,

Salamu kwako na kwa Abby. Mwambie baba yake anamkumbuka kila siku.

Kwa sababu wewe ndiye fundi wa gari hiyo. Stephen alipouliza ampigie nani, jina lako lilitoka kabla sijafikiri. Lilinichoma. Baadaye nikaketi pale getini nikaona aibu, kwa ajili ya zile ndizi na kwa ajili ya Mbula, ambaye sikumfikiria hata kidogo nilipoona ile kofia.

Sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Leo asubuhi nilikuwa namwonea wivu Stephen, ndugu yangu wa tumbo moja, kwa vile alikaa kando yako kutoka Manyani mpaka Voi.

Nimepewa likizo ya Juni. Nitafika stesheni ya Voi kwa treni. Njoo unichukue na pikapu, uendeshe wewe. Nitakaa upande wa abiria, nijaribu kunyamaza.

Mumeo, Mutuku