Casing ya Okemwa

Nyamusi, soma hii ukiwa umekaa.

Si unajua ndugu yangu Okemwa anaunda kompyuta ya gemu. Casing aliyonunua, lile boksi la nje, ni fupi, kadi ya graphics imekataa kuingia. Leo tumeenda kwa Mzee Wangwe, yule wa majeneza hapa Oyugis, amtengenezee ya mbao.

Okemwa akataja vipimo. Mzee hakuandika. Alimwangalia tu, akauliza, "Mama yako si ni Bonareri?"

Mzee akashusha kijeneza kutoka darini, vumbi tupu. Okemwa akapima. Kadi inatosha. Nyamusi, inatosha kabisa.

Okemwa akauliza kilikuwa cha nani.

"Chako. Ulikuwa na wiki moja, daktari amekata tamaa, baba yako akakiagiza. Asubuhi ukanyonya. Hakurudi kukichukua, na mimi ningempa mtoto wa nani?"

Ningempa mtoto wa nani. Hayo maneno hayaniachi.

Okemwa amekibeba mpaka nyumbani. Mama amekiona mezani, hajauliza ni cha nini. Ameweka mkono kifuani mwa Okemwa, mtu mzima na ndevu zake, vile unasikiliza mtoto mchanga kama anapumua.

Hajautoa mpaka saa hii.