Sioki Mkate wa Kutengana

Alder Hill,
Kaunti ya Franklin, Vermont.
27 Septemba 1808

Mpendwa kaka yangu Eliakim,

Nakusalimu kwa upendo katika Bwana wetu. Hujambo wewe, na wifi yangu Dorcas hajambo? Ile homa ya bondeni huko Ohio uliyoniandikia imekuacha kabisa, au bado inakurudia jioni? Usikimbilie shambani kabla mwili haujapata nguvu. Nakujua ulivyo, ukisikia nafuu ya asubuhi moja unachukua shoka.

Sisi huku hatujambo. Goti la mume wangu Amasa linamsumbua kila mvua inapokaribia, na macho yangu siku hizi yanataka nikae dirishani nikitunga uzi. Lakini tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu. Mahindi yamekomaa vizuri. Matufaha ni mengi kuliko mapipa.

Mapipa yenyewe yamejaa kitu kingine. Tangu masika, serikali ilipopiga marufuku kuuza chochote nje ya nchi, hata kwa njia ya nchi kavu, chumvi ya majivu ya kutengenezea sabuni, tuliyoichemsha mwaka mzima, imelala bandani. Mnunuzi wetu ni Montreal, na Montreal, huko Kanada, ni kwa Mfalme wa Uingereza. Siasa za ng'ambo mimi sizielewi sana, kaka. Ninachokielewa ni kwamba Waingereza na Wafaransa wanapigana, wote wawili wananyang'anya meli zetu, na Rais ameona afadhali tufunge mlango kuliko kuingia vitani. Huenda ana hekima. Ila mlango wenyewe umefungwa juu ya vidole vyetu.

Wengine hawakungoja. Kule mteremkoni watu walijenga kibanda upande wetu, hatua chache kutoka mpakani, wakakijaza mapipa hadi darini. Kisha wakachomoa jiwe moja la msingi. Kibanda kikaanguka, mapipa yakabiringika yenyewe hadi Kanada. Askari wa mgambo walipofika, mwenye kibanda alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia mkononi, anasikitikia nyumba yake. Amasa alicheka hadi akashika goti, lakini mapipa yetu hayajatoka bandani. Anasema sheria mbaya ataipinga kwa kura, si kwa mteremko.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ni habari ya mdogo wetu Lovisa.

Mwezi wa Agosti Mungu alimjalia mtoto wa kike, wamemwita Naomi. Baada ya wale wawili tuliowazika, unaweza kujua furaha yake na hofu yake. Anataka mtoto abatizwe mapema, katika kanisa alilolelewa yeye. Na upande wao wa mpaka, huko Kanada, hakuna mchungaji wa karibu. Tangu shemeji Jotham alipopewa lile shamba la Mfalme kwa ajili ya uaskari wake wa zamani, wamekuwa wakivuka Jumapili kuja kwetu, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mwaka huu wameuliza. Ndugu Zadok Pelham, aliyehamia hapa baada ya wewe kuondoka, alisimama kwenye mkutano wa wanaume akatoa hoja kwamba familia zote zinazoishi ng'ambo ya mpaka zifutwe ushirika. Alisema mtu hawezi kula kwa Mfalme siku sita, siku ya saba akaja kula nasi. Lovisa akifutwa, mtoto wake hana haki ya ubatizo. Hoja ilipita, ila walipanga ianze kutumika siku ya Meza ya Bwana, Jumapili ya pili ya mwezi huu.

Sisi wanawake hatupigi kura kanisani, unajua. Lakini unajua pia kwamba mkate wa Meza nauoka mimi, tangu mama yetu alipolala. Zadok alikuja mwenyewe kuniuliza. Nilikuwa napepeta maharagwe uani.

“Dada Jerusha, Jumamosi utatuokea kama kawaida?”

“Wa watu wote?”

“Wa upande huu.”

“Basi mtafute mwokaji, Ndugu Zadok. Mimi sioki mkate wa kutengana.”

“Mkate ni wa Bwana, dada. Si wako.”

“Ni kweli. Lakini ngano ni ya Amasa na kuni nimepasua mimi. Bwana akitaka nimwokee mkate wa kumfukuzia mdogo wangu, ataniambia.”

Akazungusha kofia mikononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Ndugu yangu Orrin, Waingereza walimchukua kwenye meli ya nchi yetu, mchana, mbele ya nahodha wake. Mpaka leo anasugua sitaha ya manowari ya Mfalme. Wewe unamlilia mke wa askari wa Mfalme. Orrin anamlilia nani?”

Kaka, niliweka ungo chini. Orrin namwombea kila siku, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba Lovisa hakumkamata Orrin. Nikampa kikombe cha maji ya tufaha, akanywa, akashukuru, akaondoka na uso uleule. Si mtu mbaya. Ana kidonda, na anataka kila mtu akiguse.

Amasa nilipomweleza alisema, “Kura yangu wanaijua, na haikutosha. Mkate wako watauhisi zaidi.” Akaenda kulisha ng'ombe.

Ijumaa nilikwenda kumwona Lovisa, na kikapu cha jibini. Pale njia inapovuka mpaka wameweka askari wa mgambo kutoka kaunti za kusini, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu. Akauliza, “Mama, umebeba nini?”

“Jibini ya mzazi.”

“Mzazi yuko wapi?”

“Pale, kwenye ule moshi.”

“Basi jibini haivuki.”

Sikubishana naye. Niliketi kwenye gogo upande wetu, nikamwita Lovisa kwa sauti mpaka akasikia. Akaja na mtoto mgongoni, akaketi kando yangu, akala akashiba, na askari tukamkatia kipande. Lovisa aliposimama kurudi, yule bwana alikuna ndevu.

“Sasa jibini si imevuka?”

“Imevuka ndani ya mtu,” nikamwambia. “Muulize Rais kama tumbo ni bidhaa.”

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini Lovisa hakucheka. Aliniambia, “Dada, usigombane na kanisa zima kwa ajili yangu. Jotham anasema tutampeleka mtoto Montreal, kwa padri wa Mfalme.” Nikamwambia atapelekwa popote baada ya mimi kushindwa, na sijashindwa.

Jumamosi ile Zadok alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mwokaji. Mimi sikumshawishi mwanamke yeyote, Mungu ni shahidi. Lakini Bi Hallam alisema tanuri lake limepasuka. Mjane Crewe naye, lake limepasuka. Binti za Shemasi Ephraim walisema chachu imekufa. Matanuri ya Alder Hill hayajawahi kuugua pamoja namna ile.

Jumapili meza ilitandikwa kitambaa, kikombe kikawekwa, na sahani ikafunikwa. Lovisa na Jotham walikuwa wameketi nyuma, karibu na mlango, kama watu wanaongoja kuambiwa waondoke. Mchungaji Tilden akafunua sahani. Kulikuwa na mkate, wa rangi ya udongo wa mtoni. Akaushika kuuvunja, haukuvunjika. Akajaribu tena kwa mikono yote miwili, mishipa ikamtoka shingoni.

Akauliza, “Nani ameoka?”

Keturah, mke wa Zadok, akajibu kutoka upande wa wanawake, “Mume wangu, Mchungaji. Mimi nilikaa nikamtazama.”

Watu walicheka kanisani, kaka, jambo ambalo sijaliona tangu tuhamie huku. Zadok mwenyewe aliinamisha kichwa, na mabega yalikuwa yakitikisika. Sikujua kama ni kicheko au ni kilio. Mchungaji hakucheka. Akaufunika ule mkate taratibu. Akasema meza ambayo akina mama wa kanisa hawakutaka kuiandaa, yeye hataiongoza, na wanaume wabaki baada ya ibada.

Walibaki hadi ng'ombe wakaanza kulia mazizini. Amasa aliniletea habari. Zadok hakuondoa hoja yake, na hakuna aliyetaka kumlazimisha, kwa ajili ya Orrin. Ila Mchungaji aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amefikiri kuliuliza: siku kanisa hili lilipoanzishwa, walipoweka agano, walikubaliana nini kuhusu watu wa ng'ambo? Karatasi ya agano haisemi kitu. Lakini watu walizungumza siku ile kabla ya kutia majina. Wengi wao wamelala makaburini. Shemasi Ephraim siku hizi ananiita kwa jina la mama. Jotham alikuwepo, lakini hawezi kuwa shahidi katika kesi yake. Mimi nilikuwa kitandani, nimejifungua, na Amasa alibaki nami. Umebaki wewe, kaka, ambaye walikutana ghalani mwako.

Wameamua hoja isimamishwe mpaka neno lako lifike, na mkutano utaketi wiki ya baada ya siku ya Shukrani ya mavuno. Mpaka siku hiyo Meza haitatandikwa, wala Naomi hatabatizwa.

Usiandike kwa kunipendeza. Andika kile ulichokisikia kwa masikio yako, nani alisema nini, na wengine waliitikia vipi. Mwandikie Mchungaji Tilden mwenyewe, kwa mkono wako, uape mbele ya Mungu. Ikiwa mlisema ndugu ni ndugu hata akiishi ng'ambo, nitaoka wiki hiyohiyo, na mkate wa kwanza nitampelekea Zadok nyumbani kwake, kwa sababu sitaki abaki peke yake na kidonda chake. Na ikiwa mlikubaliana kwamba mpaka wa nchi ni mpaka wa kanisa, sitakulaumu kwa kusema kweli. Lakini ujue kabisa kwamba nitavuka kila Jumapili kwenda kuketi na Lovisa upande wake, tusome Zaburi sisi wawili, hata kama hakuna mchungaji wala meza. Amasa nimemwambia. Amesema atatengeneza daraja la kijito, lisije likanitupa majini.

Barua hii anakuletea Lemuel Garland, anayehamia Ohio na mke wake na jamaa yote. Ni watu waaminifu, wakaribishe. Ukiwa na mtu anayerudi mashariki, usimwache apite mikono mitupu.

Nisalimie sana wifi Dorcas, na Asenath na mumewe, na Reuben. Waambie shangazi yao anawataja kwa majina katika sala. Lovisa na Jotham wanakusalimu. Amasa anauliza kama udongo wa huko ni mweusi kweli kama wanavyosema, au ni maneno ya wauza ardhi. Bwana alinde nyumba yako, na akuondolee hiyo homa kabisa.

Nijibu upesi, kaka. Tunangoja neno lako.

Ni mimi dada yako asiyekusahau,
Jerusha