Kome Niliyemrudisha Majini

Shikamoo mama mdogo. Joto la Temeke linalishinda hata la Kyela! Leo shemeji, si unajua kazi yake ni kupiga mbizi, kanipeleka bandarini wanakokwangua kome kwenye nguzo za gati. Kome mmoja mdogo akaniangukia miguuni, bado mzima. Mie nikamrudisha majini, kama ulivyotufundisha kwa samaki wachanga. Shemeji akafoka: “Shemeji, umefanya nini? Hao si wa huku! Wamekuja wameng’ang’ania meli, wanawabana kome wetu mpaka wanakufa!” Kumbe wote wanatiwa kwenye gunia, wakaanikwe juani wafe. Mpaka sasa nimechanganyikiwa: huruma nayo ni kosa?

Nimekukumbuka sana. Ukienda ziwani, wale samaki wachanga endelea kuwarudisha. Wale si ni wa kwetu, au nao walikuja?

Mwanao, Tumaini