Sauti ya Baba Kwenye Sehemu Yako ya Diski

Uvira, Mulongwe, tarehe 5 Novemba 2017

Yaya wangu Protais, kaka yangu mkubwa,

Tumsifu Yezu Kristu. Naomba barua hii ikukute mzima, na kazi ya bandari huko Kalemie isikuvunje mgongo. Sisi huku hatujambo, Mungu asifiwe. Mama iko salama, ni magoti tu yanamsumbua mvua ikianza. Binti yako Itangishaka ameng'oka jino la mbele na anacheka amefunga mdomo kwa aibu. Mama anauliza, mtoto asiyempigia mama yake simu, huko aliko anashiba kweli? Minye nimejaribu namba yako mpaka yule mama wa mtandao anayesema haupatikani nimemzoea kama jirani. Ndiyo sababu nampa barua hii baharia Ndihokubwayo, maana anasema anajua unapolala. Umpe chai, ametusaidia sana.

Habari za vita umezisikia redioni, lakini redio inasema “Uvira” utafikiri Uvira ni nyumba moja. Mwisho wa Septemba, wapiganaji wa Mai-Mai walipotokea upande wa kusini, risasi zililia toka asubuhi, helikopta zikawa zinazunguka juu ya ziwa, na watu wakajaa barabarani na magodoro kichwani. Tulikimbilia Kavimvira kwa shangazi. Mama alikataa katakata kupanda taximoto bila kuku wake. Dereva alimsihi, akamkaripia, mwishowe akambeba kuku mwenyewe mbele, huku anatukana vita, na kuku, na siku aliyonunua pikipiki. Tulicheka, Yaya. Watu wanakimbia kifo na sisi tunacheka. Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama. Kuna tundu moja la risasi kwenye bati la jikoni, nimeliziba.

Sasa nataka nikusimulie habari za Amandine, bibi yako uliyemwoa. Nakujua weye. Ukiona tu jina hilo utakunja karatasi uitie mfukoni. Usiikunje. Nimekusikiliza mara nyingi nikiwa sina hamu, leo unisikilize minye.

Ulipoondoka kwa hasira ulimwachia ile ordinateri, kompyuta ya kupakata mliyokuwa mnatumia wote wawili, ukamwambia abaki nayo ila sehemu yako asiiguse. Ulivyoigawa unakumbuka: upande wake Windows, ya kuandikia kazi za wateja wa sekretaria, upande wako Linux, uliyoitia kwa ajili ya kunasa sauti. Ni huko ulikonasa sauti ya marehemu baba, mwaka wake wa mwisho, akipiga ikembe, kile kinanda chake cha vidole gumba, na kusimulia habari za Kiliba ya zamani. Hakuna pengine sauti ile ilipobaki. Mama anajua hivyo, sisi wote tunajua. Na Amandine aliheshimu neno lako. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akiwasha upande wako, anamfungulia Mama asikilize kidogo, kisha anafunga. Mengine hakugusa.

Jambo usilolijua ni kwamba alirudi shule. Mchana anaandika kazi za watu, alasiri anakwenda kozi, na jioni anapika. Alifika mwaka wa kumaliza. TFC yake, ile kazi ya mwisho ya kutetea mbele ya walimu, ilikuwa juu ya mafuriko ya mto wetu huu wa Mulongwe. Alizunguka na buti za plastiki, anapiga picha kuta zilizoanguka, anawauliza wamama maji yalifika wapi ndani ya nyumba. Watu walimcheka mwanzoni. Mwishoni ndio waliokuwa wanamwita: Mama Itangishaka, njoo upige na hapa kwetu. Yaya, nilimwonea fahari, sikufichi.

Lakini picha na ramani zilijaza upande wake mpaka mashine ikakataa kuhifadhi. Upande wako nafasi ilikuwa nyingi, imekaa tu. Basi akaamua kusogeza mpaka kidogo, achukue kipande cha nafasi yako tupu, sauti azisukume pembeni bila kuzidhuru. Kuna programu ya kazi hiyo, hata weye uliitumia. Kosa lake ni kosa letu sote wa mtaa huu. Unajua jenereta ya Térence jirani, tunavyovutiana waya nyumba nyingi, na Térence anavyozima bila hodi. Kwa sababu hiyo hakuna hapa anayezima mashine kabisa. Tunailaza tu, kazi zote zikiwa wazi ndani, ili courant, yaani umeme, ikirudi tuendelee pale pale. Amandine alilaza Windows kama kawaida, akawasha kwa CD ya programu ile, akaanza kusogeza mpaka. Programu ilimwonya kwamba upande ule mwingine haujazimwa, ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Nani kati yetu anasoma yale maonyo?

Ilikuwa ni asubuhi ile ile ya Mai-Mai. Kazi ilikuwa haijafika hata nusu, risasi zikaanza. Térence alizima jenereta, akachukua watoto wake na kukimbia, wala simlaumu. Betri ya mashine unaijua, ilikufa zamani. Skrini ikawa nyeusi, na sisi tukakimbia. Amandine aliibeba ordinateri mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto, na Itangishaka akamshika mkono.

Tuliporudi, aliiwasha. Haikutoa Windows, haikutoa Linux. Yalikuja tu maneno meupe machache juu ya weusi, kwamba sehemu inayotafutwa haionekani. Alizima, akawasha tena, yakaja yale yale. Misa ya ukumbusho wa baba ilikuwa imekaribia, na Mama alikuwa ameshasema anataka siku hiyo ndugu wote waje wasikie sauti ya mzee. Kila akipita alikuwa anauliza, mashine imepona? Amandine anajibu, bado kidogo, Mama. Alikonda, Yaya. Sijawahi kumwona anaogopa hivyo, hata barabarani kwenye risasi hakuogopa hivyo.

Alimtafuta fundi, Niyigena, mtu wa milima ya juu anayetengeneza mashine za redio moja ya hapa. Ni Mprotestanti wa kweli, hata Mama alipomkaribisha mutobe, pombe yetu ya ndizi, aliomba maji. Alikaa na mashine mchana mzima, uso ameukunja. Minye nilikuwa uani nachambua mboga za lenga-lenga, nawasikia wanaongea chini chini. Amandine alitoka mara moja, akasimama mlangoni, akaangalia upande wa mto. Nilimuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu. Akarudi ndani.

Halafu nikamsikia baba.

Ee Mungu wangu, Protais! Alianza kwa kukohoa kile kikohozi chake, kisha akakugombeza, akasema utoe hicho kidude cha kunasia sauti puani kwake, yeye si mgonjwa. Kisha ikembe. Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamponyoka, mchele wote chini. Aliingia ndani, akakaa mbele ya ile mashine, akaanza kumjibu. Alimwambia vita vimefika lakini nyumba iko, watoto wako, mihogo imepona. Alimpa habari zote kama mtu aliyerudi safari. Niyigena alivua kofia. Minye nililia, nikacheka, nikamrukia fundi nikamshukuru, nikamwita malaika, nikataka hata kumpa yule kuku.

Ni hapo fundi aliponisimamisha. Alisema nisimshukuru yeye, yeye kabonyeza tu alichoambiwa abonyeze. Akanieleza taratibu. Kazi ya kusogeza mpaka ilikatika katikati. Sauti zako zilikuwa zimehamishwa baadhi, nyingine bado, na upande wa Amandine, kwa kuwa ulikuwa umelala na haukuzimwa, ulibaki unashika mpaka wa zamani. Pande mbili zinadai nafasi moja. Ukitengeneza upande mmoja, unaandika juu ya mwingine, na kilichoandikwa juu yake hakirudi. Angekuwa na diski ya pili kubwa kama ile, angenakili vyote kwanza kisha ajaribu bila hofu. Lakini ya kwake iliibwa kwenye vurugu, maduka yalikuwa yamefungwa, na diski yenyewe ilishaanza kukwaruza ndani, ilikuwa haiwezi kungoja. Alimwambia Amandine achague.

TFC yake yote ilikuwa upande wake, Yaya. Mahali pengine haikuwepo. Aliogopa kuiweka kwenye flash za mjini kwa sababu ya virusi. Kilichobaki ni sura ya kwanza tu, kwenye karatasi, na wino mwekundu wa mwalimu. Picha zote, ramani zote, maneno ya wale wamama wote, vilikuwa humo.

Niyigena anasema Amandine hakukawia kujibu. Alimkumbuka baba yetu alivyokuwa akiitwa bondeni kuamua kesi za mashamba. Mtu aking'oa miti ya miyenzi ya mpaka jirani yake hayupo, baba alikuwa anaamua kwamba kipande kile si chake, hata alichokipanda humo kinabaki cha jirani. Amandine akasema: mpaka niliusogeza minye, mwenyewe hayuko. Tengeneza upande wa Protais.

Kisha ndipo alipotoka kusimama mlangoni. Nilipomuuliza akaniambia hakuna kitu.

Siku ya misa ndugu walikuja, walisikiliza, walilia. Wakakusifu weye, uliyekuwa na akili ya kunasa sauti ya mzee. Amandine aliwapitishia chai. Minye nilitaka kusema, akaniangalia kwa jicho moja tu, nikameza. Wenzake wametetea TFC zao wiki iliyopita, wamevaa suti, wamemwagiana unga wa shangwe. Yeye ameanza tena na ile sura ya kwanza. Jana alivaa buti zake akaenda mtoni.

Yaya, ulisema mbele ya Mama na mbele ya jamaa kwamba mwanamke huyu hajawahi kupenda kitu cha nyumba yetu. Nilikuwepo, nilinyamaza. Ninakuandikia ili ujue ulimsema nani.

Amenikataza kukuambia. Anasema ukijua utafikiri anakununua. Sikuombi urudi, ndoa ni yenu, minye ni mdogo wako tu. Nakuomba umpigie simu, namba yake haijabadilika. Kama utashindwa hata hilo, basi mpe Ndihokubwayo neno la kuniletea, nami nijue kaka yangu ni mtu wa namna gani.

Ukae na amani, ufunike miguu ukilala maana mbu wa huko wanasifika. Mama anakusalimia, Itangishaka anakusalimia, Térence na watu wake wanakusalimia. Amandine hakusalimii, kwa sababu hajui kama naandika. Salamu zake ni hizo nilizokusimulia.

Ni minye mdogo wako anayekupenda hata akikugombeza,

Generose