Mlango Unaotazama Uani

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie maana nimemuumiza mtu ninayemshukuru kuliko wote duniani, na nimemuumiza kwa shukrani hiyo hiyo. Mama alipofariki nikiwa mdogo, mjomba wangu, ambaye ni seremala, alinichukua kwake, katika mji mdogo wenye viwanja vikubwa, na kwa kuwa nyumba ilikuwa imejaa watoto wake alinijengea chumba ubavuni, haraka haraka ili nisilale sebuleni, chenye mlango wa kutokea uani tu, kwa hiyo mvua ikinyesha nilikuwa nakimbia na sinia kichwani kwenda kula na wenzangu, nao wakiniona nimelowa wananisogezea kiti karibu na jiko, na sijawahi kulala njaa wala kukosa ada, nimesoma hadi chuo kikuu, na kwa kila nilichopewa, hata kijiko cha chumvi, nimesema asante, mpaka binamu zangu wakanibandika jina la Bi Asante.

Juzi mjomba alituita, akasema kiwanja ni kikubwa na yeye miguu imechoka, kwa hiyo anatugawia angali hai, binamu kila mmoja na upande wake wa kujenga, na mimi nyumba yenyewe, yeye na mkewe wakiwemo humo humo, kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayejua bati lipi linavuja. Mshauri, nilifurahi mno, nikaona sistahili, nikasimama nikashukuru kama niko kwenye mahafali, kisha nikamalizia: "Lakini nyumba wape watoto wako, mjomba."

Mjomba aliingia karakana akapiga randa ubao mzima mpaka ukabaki maranda matupu. Binamu mkubwa akaninong'oneza, "Bi Asante, leo umemmaliza mzee."

Tangu hapo ni salamu tu. Binamu hawana kinyongo, wanasema nichukue. Je, niikubali nyumba, au niikatae kabisa asije akadhani nilikuwa naringa?

Bi Asante

*

Pole, binti yangu. Sasa nikuseme.

Umesoma sana, lakini sentensi moja imekushinda. "Watoto wako." Wewe ulikuwa umesimama upande gani ulipoyatamka hayo? Baba wa watu kakusanya watoto wake wote, mmoja kanyanyuka kumwambia kuwa yeye ni mgeni. Bahati yako alishika randa, mimi ningeshika nyundo.

Shukrani yako si mbaya. Nimeisoma barua nikavua miwani nikaifuta. Ila umeigeuza nauli, kila ukipanda unalipa, ukiogopa utashushwa njiani. Binamu zako waliwahi kushukuru kwa kijiko cha chumvi? Walilalamika kuwa imezidi. Hivyo ndivyo mtoto anavyokaa kwao.

Nyumba ichukue. Usimpelekee zawadi, na hotuba ya pili sitaki hata kuisikia. Nenda karakana asubuhi, kaa hapo kwenye maranda, umwambie umechoka kulowana, anakutobolea lini mlango wa kuingilia ndani. Atauliza miaka yote hiyo ulikuwa bubu. Mwache anung'unike, wewe shika ncha ya futi apime ukuta.

Akimaliza, asante yako kaa nayo moyoni. Fungua mlango, ufunge, kisha umwambie unakwaruza chini.